Ua la shaba mu dembo: tulitambue mbele ya kushika jembe



Mwisho wa mvua iliyopita nilitembelea koperative moja ya mboga kandokando ya mto mdogo. Wanachama walinipeleka kuona kipande cha dembo walichotaka kuongeza kwa shamba lao la kiangazi. Walikuwa na furaha. Hapakuwa na mizizi ya kung'oa wala majani marefu ya kufyeka. Kulikuwa na udongo wazi, nyasi fupi fupi, na maua madogo ya rangi ya violeti yamejaa kila fasi. Mama mweka hazina aliniambia: "Agronome, hii fasi haitatusumbua. Mungu ametusafishia." Mbegu za lengalenga na za shu ya Shina zilikuwa zimekwisha kununuliwa kwa franka za wanachama wote.

Niliinama nikang'oa ua moja, nikazungusha shina lake katikati ya vidole viwili. Nikasema: "Mama, tusimame kwanza."

Haikupita muda mrefu, kundi lingine likaniita. Hao walikuwa wamesikia habari ya "maua ya violeti yenye sumu", wakaacha kipande kizuri cha udongo mweusi. Nilipofika nikakuta majani ya kawaida tu, yale yanayoota mu kila bustani yenye rutuba. Waliogopa bure, wakapoteza majuma matatu ya kiangazi.

Wale wa kwanza karibu walime fasi mbaya, na hawa wa pili waliacha fasi nzuri. Makosa yote mawili yalitoka kwa kitu kimoja: kuangalia rangi ya ua bila kuangalia mmea wenyewe. Njo maana leo tunafundishana kulitambua ua la shaba.

Ua la shaba ni nini?

Wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense. Jina la kwanza limetokana na Lucien Hauman, mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji. Jina la pili maana yake ni "wa Katanga". Ni mmea wa kwetu kabisa. Haukuletwa na meli wala na mbegu za msaada. Ulikuwa hapa mbele ya reli, mbele ya viwanda, na mbele ya mkoa wetu kuitwa Shaba kati ya 1971 na 1997.

Uko mu ukoo mmoja na menti, baziliki, romarini na lumbalumba. Lakini usiuchukue kuwa ni majani ya chai. Sababu tutaiona mbele kidogo.

Udongo wenye shaba nyingi unaua au unadumaza mimea mingi. Huu mmea unavumilia. Kwa asili unaota kwenye vilima vya shaba, vile vilivyotawanyika toka Kolwezi kupita Likasi mpaka Lubumbashi na kuendelea. Lakini pia unafuata shaba inakokwenda: kando ya kariere, kwenye mabaki ya viwanda, kwenye njia za vumbi la madini, na chini mu mabonde ambako maji ya mvua yanapeleka mchanga kutoka juu.

Hapo njo dembo linaingia. Dembo ni mwisho wa safari ya maji. Kitu chochote kinachooshwa kule juu kinashuka na kutua huku chini, mu udongo mweusi. Udongo huo unashika maji, na kwa sababu hiyo tunaupenda kwa mboga za kiangazi. Lakini unashika madini vile vile.

Wazee wetu walijua kuyeyusha shaba karne nyingi mbele ya wazungu kufika. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama pesa. Fasi walipofanyia kazi, shaba ilibaki mu udongo. Wachunguzi wa mambo ya kale wametumia ua hili kutafuta tanuru hizo: walipoona maua yamejikusanya peke yake katikati ya pori, walichimba wakakuta mabaki ya moto na mawe meusi mazito. Ua lilikuwa linaonyesha kazi ya watu waliokufa zamani sana. Hata leo linaweza kuonyesha kazi ya jana.

Hatua tano za kulitambua

Fanyeni hatua hizi kwa mpango. Hatua moja peke yake haitoshi.

1. *Shina.* Ng'oeni mmea mmoja, zungusheni shina katikati ya kidole gumba na kidole cha pili. Mkisikia pembe nne, kama kipande kidogo cha ubao, mko karibu na ukoo wa menti. Shina likiteleza mviringo, sio lenyewe. Ila muangalie: mimea mingine yenye shina la pembe nne iko nje ya ukoo huo, kwa hiyo endeleeni.

2. *Majani.* Yanaota mawili mawili, moja likiangalia lingine. Jozi inayofuata inapinda na kufanya msalaba juu ya ile ya kwanza. Majani ya ua la shaba ni membamba na marefu kidogo, sio mapana kama ya lumbalumba.

3. *Kichwa cha maua.* Maua ni madogo sana, yamesongamana pamoja juu ya tawi na kufanya kichwa kama kifungo cha koti. Chini ya kichwa kuna majani madogo yanayokizunguka kama kola ya shati.

4. *Ua moja moja.* Chukueni ua moja, liangalieni kwa karibu. Limefungwa chini kama mrija, na juu limegawanyika kuwa midomo miwili, wa juu na wa chini. Hiyo ni alama ya ukoo wote wa menti. Likikauka, ndani ya kikombe chake munakuta mbegu ndogo nne, au chache zaidi kama nyingine zimekufa.

5. *Mzizi.* Ni mmea wa mwaka mmoja. Unaota na mvua, unafungua maua mvua zinapomalizika, halafu unakufa. Mzizi wake ni mdogo, unang'oka kwa mkono mmoja. Mmea mzima ni mfupi, mara nyingi haupiti goti.

Kama hatua zote tano zimekubali, muwe na mashaka makubwa na udongo ulio chini ya miguu yenu.

Mimea inayotudanganya

*Ageratum*, wataalamu wanaiita Ageratum conyzoides. Hii njo ilidanganya lile kundi la pili. Ina maua ya bluu au violeti, na majani yake pia yanaota mawili mawili, kwa hiyo kosa linaeleweka. Lakini shina lake ni mviringo na lina manyoya. Majani yake ni mapana, yenye meno pembeni, na ukiyasugua yananuka vibaya, wengine wanasema kama mbuzi. Kichwa cha ua ni laini kama nyuzi za pamba, hakina midomo miwili. Sio ya ukoo wa menti, na asili yake ni Amerika. Inapenda mashamba yenye rutuba na maji. Mkiiona hiyo, palilieni tu na muendelee na kazi.

*Pycnostachys.* Huyu ni ndugu wa kweli wa ua la shaba, wa ukoo wa menti, na aina zake kadhaa zinapenda maji ya dembo. Shina lina pembe nne na maua ni ya bluu. Lakini ni mrefu zaidi, mara nyingi unapita kiuno. Kichwa chake kimesimama kama kigunzi kidogo, na ukikishika kinakuchoma, kwa sababu kila kikombe cha ua kina meno matano makali kama sindano. Yeye anatuambia kwamba fasi ina maji mengi. Habari ya shaba hatuambii.

*Ocimum centraliafricanum*, ambayo vitabu vya zamani viliita Becium homblei. Na huyu ni wa ukoo wa menti, na huyu pia anajulikana kama ua la shaba, hapa kwetu na Zambia, ambako watafuta madini walimfuata miaka ya 1950. Tofauti yake ni mzizi: ni mgumu kama mti, unaishi miaka mingi, na moto wa pori ukipita unachipua tena. Maua yake ni makubwa zaidi, meupe au violeti iliyopauka, na nyuzi zake zinatoka nje ya ua. Huyu munamkuta zaidi kwenye vilima kuliko mu dembo.

Jambo lingine: harufu isiwadanganye. Sitronele tunayoweka mu chai inanukia vizuri, lakini ni jamaa ya nyasi, haina shina la pembe nne wala ua la midomo miwili. Harufu peke yake haitoi jina la mmea.

Muangalie na fasi, sio ua tu

Ua moja lililosimama peke yake kando ya njia halisemi mengi. Mbegu zinaweza kubebwa na maji, na matope ya miguu, na magurudumu ya kamio. Tena wataalamu wameona kwamba mmea huu unaweza kuota hata mu udongo usio na shaba nyingi. Kwa hiyo ua ni kengele. Linatuita tuangalie vizuri, lakini hukumu linaachia wengine.

Kengele inalia kwa nguvu zaidi mkiona mambo haya pamoja na ua:

- maua yamejaa fasi moja, na mimea mingine ya kawaida ya dembo haionekani;
- udongo uko wazi au nyasi zimedumaa, hata wakati wa mvua;
- miti haioti, lakini hatua chache pembeni inaota sawa;
- juu ya mto kuna kariere, kiwanda, fasi ya kuosha madini, au lundo la mabaki;
- munaokota mawe ya kijani, au mawe meusi mazito ya tanuru ya zamani.

Na muweke hili mu kichwa: kukosa ua sio cheti cha usafi. Katikati ya kiangazi mmea umekwisha kukauka. Mu shamba linalopaliliwa kila juma hauonekani. Na maji machafu ya kumwagilia yanaweza kuleta madini mu udongo ambao mwaka jana ulikuwa mzuri.

Kwa nini tusilime tu?

Shaba kidogo ni chakula cha mmea na cha mtu pia. Shaba nyingi inachoma mizizi. Mahindi yanabaki mafupi, majani yanageuka njano, mizizi inakuwa mifupi na minene. Mkulima anafikiri ni kukosa mbolea, ananunua mbolea, na hakuna kinachobadilika. Pesa imepotea mara mbili.

Hasara nyingine haionekani kwa macho. Mu Katanga shaba haitembei peke yake: mara nyingi iko pamoja na kobalti, na kwenye mabaki ya viwanda munaweza kukuta risasi na kadimiamu. Mboga zinaweza kuota vizuri, zikaonekana nzuri sokoni, na bado zikabeba madini hayo. Mwaka 2009 wachunguzi wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitoa kazi iliyoonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mu mikojo yao, na watoto wana nyingi kuliko watu wazima. Vumbi na chakula vyote ni milango ya kuingilia.

Mboga za majani, kama lengalenga, kalembula, sombe na shu ya Shina, kwa kawaida zinabeba madini mengi kuliko zile tunazokula tunda au punje. Tena majani yako karibu na udongo, vumbi linatua juu yake. Kuosha vizuri kwa maji safi kunaondoa vumbi la juu, kwa hiyo tuoshe kila siku. Lakini kilichoingia ndani ya jani hakitoki kwa kuosha. Na moto wa jiko hauunguzi madini. Ukipika sombe saa tatu, kobalti iliyokuwa ndani haiishi.

Njo sababu nilisema tusichukue ua hili kwa chai wala kwa dawa, hata kama ni ndugu wa menti. Unaota fasi yenye madini, na vumbi la madini linatua juu ya majani yake.

Cha kufanya mkikuta ua

*Kwanza, simamisheni kazi kwenye kile kipande tu.* Msiache dembo lote. Wekeni vijiti kuzunguka sehemu yenye maua na udongo wazi. Mara nyingi ubaya una mpaka, na hatua 50 pembeni udongo ni mzuri.

*Pili, fanyeni jaribio la mahindi.* Halina gharama. Chukueni mikebe sita. Mitatu jazeni udongo wa kile kipande, mitatu udongo wa shamba munalolijua. Pandeni punje tano kila mkebe, za mbegu moja, siku moja, na mwagilieni maji yale yale masafi. Kisha juma mbili, toeni mimea polepole, osheni mizizi na muilaze sambamba juu ya ubao. Mizizi ya udongo wenye sumu inaonekana mifupi, minene na yenye rangi ya kahawia. Kama mizizi ni mibaya, jibu mumepata. Kama ni mizuri, bado: jaribio hili linaonyesha afya ya mahindi, halionyeshi kama mboga ni salama kwa mtoto.

*Tatu, pelekeni udongo labo.* Tembeeni mu kile kipande kwa mwendo wa nyoka, muchukue udongo fasi 10 mpaka 15, toka juu mpaka santimetre 20 chini. Changanyeni mu ndoo ya plastiki, sio ya bati, kwa sababu bati linaweza kuharibu kipimo. Kausheni kivulini, muweke nusu kilo mu sashe safi, na muandike jina la koperative, fasi na tarehe. Fanyeni sashe ya pili na udongo wa shamba zuri, ili kuwe na cha kulinganisha. Ombeni wapime shaba, kobalti, risasi, kadimiamu, na uchungu wa udongo. Agronome wenu atawaonyesha labo ya karibu. Gharama ni kubwa kwa mtu mmoja, lakini koperative mbili au tatu za bonde moja zinaweza kuchanga.

*Nne, fuateni jibu.* Kama madini ni ya kadiri na udongo ni mchungu, chokaa na komposti nyingi vinasaidia, kwa sababu vinafunga shaba isiingie kwa urahisi mu mizizi. Lakini hiyo ifanyike pamoja na agronome, na mboga za majani zisirudi mbele ya kipimo kingine. Kama madini ni mengi, kile kipande kisiwe shamba la chakula. Msichungishe mbuzi pale, msibebe udongo wake kufanya kitalu, msichimbe kisima cha kunywa.

*Tano, acheni mimea iliyoota pale.* Wengine watataka kufyeka na kuchoma ili kuondoa "ubaya". Ubaya hauko mu ua, uko mu udongo. Ua hili na nyasi fupi zinazovumilia shaba ndizo zinashika vumbi lisiruke mpaka nyumbani na zinazuia mchanga usishuke mpaka mtoni. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kupanda nyasi za namna hiyo kwa makusudi, kule Penga Penga, fasi iliyoharibiwa na moshi wa kiwanda, ili kufunika udongo. Tukifyeka tunafungua mlango wa vumbi.

Na ile koperative ya kwanza?

Walikasirika siku ile, siwezi kuficha. Baba mmoja aliniuliza: "Sasa hizi mbegu tutakula?" Swali lilikuwa la haki. Tulikaa chini ya mwembe, tukapima hatua, na tukakuta kwamba upande wa juu wa dembo, mbali na njia ya maji yanayotoka kariere, ageratum na majani mapana yalikuwa yameota sawasawa. Udongo ulikuwa na mizizi mingi na kazi ya jembe ilikuwa ngumu. Walipanda kule. Mama mweka hazina alichukua mikebe sita akaiweka nyuma ya nyumba yake. Juma mbili zilipopita alinionyesha mizizi: ile ya shamba ilikuwa mirefu kama kiganja, ile ya kipande cha maua ilikuwa kama vijiti vya kibiriti. Hakusema tena kwamba Mungu amewasafishia.

Kwa mkutano wenu ujao, mbele ya kugawana vipande vya kiangazi, chukueni saa moja mutembee mu dembo pamoja, wazee na vijana. Wazee wanajua wapi kulikuwa na tanuru au kariere. Vijana wana macho ya kuona kola ndogo chini ya kichwa cha ua. Fanyeni kazi hiyo sasa, mvua zikiisha, maua yakiwa yamefunguka. Yakikauka, dembo lote litaonekana sawa.